Kiko cha Yaya Kitenge

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Habari kubwa. Mtaa wetu utapata robine, bomba la maji la watu wote. Moja tu. Watu wa mradi wamekuja leo na mabomba yao kwenye gari, wameyashusha kwa Papa Jules, chef, mkuu wa mtaa wetu, wakasema mahali pa kuisimamisha tutachagua wenyewe. Mkutano utakuwa Jumapili ya tarehe 15, baada ya misa.

Mahali panajulikana. Ni mbele ya banda langu la redio. Kuna kivuli, kuna benchi, kuna bati lililotokeza vizuri. Atakayesubiri maji ataziona redio zangu, ataikumbuka ile yake iliyokufa nyumbani. Hilo la mwisho sikulisema. Nilianza na kivuli tu. Papa Jules akasema asante Bulaimu, nami nilikuwa bado kwenye salamu. Kisha akamgeukia Édouard.

Édouard ni jirani yangu wa upande wa juu. Anachaji simu za watu kwa mitambo ya jua, ana geti la chuma, ana ndevu nyeupe kidevuni tu. Husema neno moja, hupumzika, husema la pili. Watu hungoja. Alisema robine ikae mbele ya geti lake, kwa kuwa hapo mifuko ya saruji iko tayari. Hakuna aliyemkatiza.

Mimi nakatizwa tangu utoto. Mke wangu Bernadette anasema maneno yangu hutoka yakisukumana mlangoni. Nimekaa jioni nikiwaza: katika ukoo wetu, ni nani hakukatizwa? Yaya Kitenge peke yake. Ndugu yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Alikuwa na kiko. Ukimwuliza jambo, alijaza tumbaku, akaishindilia kwa kidole gumba, akawasha, akavuta. Muda huo wote hata mgeni mwenye haraka alitulia. Neno lilipotoka, lilikuwa limekwisha kuwa sheria.

Nimeamua. Naanza kuvuta kiko. Kwa gharama ndogo, maana siku hizi redio haziletwi tena, kila mtu ana simu.

Jumanne, 3 Septemba

Kiko cha bei nafuu kuliko vyote ni kile kilichopo tayari. Nimekwenda kwa shemeji Adolphine, mjane wa yaya Kitenge. Anakaa chini kabisa, pale mtaa unapokwisha na mteremko wa kwenda kwenye chemchemi unapoanza. Mteremko ule ni mkali, na mvua zimeanza kuuchimba.

Nilimkuta akipanda kutoka huko, ndoo kichwani, fimbo mkononi. Nikangoja atue. Nikamweleza kwamba kitu kisichotumiwa huharibika, kwamba mti hupasuka, kwamba mchwa hana adabu. Nilisema mengi. Alinisikiliza akijifuta maji shingoni. Kisha akasema kiko hakitoki nyumbani kwake, akanipa bakuli la sombe, majani ya muhogo, nimpelekee Bernadette.

Sikukasirika. Ila nimepanda mtaa mzima na bakuli la sombe, na Édouard ameniona.

Alhamisi, 5 Septemba

Kiko cha kwanza tayari. Kazi ya mikono yangu. Kichwa ni gunzi la mahindi, nimelichimba kwa bisibisi. Mrija ni bua la jani la papai, maana Mungu alikwisha kulitoboa. Gharama hakuna. Mahindi tumekula.

Tumbaku nimenunua sokoni kwa Yassine, anayeileta kutoka Lokandu ikiwa imesokotwa kama kamba nyeusi. Mtu mpole. Hukata kwa kisu, kidogo kidogo, kila mtu kwa uwezo wake. Aliniuliza kama nimewahi kuvuta. Nikamwambia ukoo wetu ni wa kiko. Akaanza kunieleza hata hivyo: ikate nyembamba, ianike ikauke kidogo, chini iache huru, juu ndipo ushindilie, vuta taratibu, moshi ukae mdomoni, usi... Hapo nikamwambia najua, najua. Nikalipa nikaondoka. Njiani nimejiuliza ile "usi" ilikuwa inaelekea wapi. Bila shaka usiutoe haraka.

Jaribio nimelifanya nyuma ya nyumba, kwa sababu ya Bernadette, na pia kwa sababu ya sheikh, ambaye haipendi tumbaku na nyumba yake iko kwenye njia ya mbele. Nimevuta. Moshi haukuja. Nimevuta kwa nguvu zaidi. Gunzi lenyewe likashika moto! Bua la papai likalegea, likaning'inia mdomoni mwangu kama mnyoo. Sharubu la kushoto limekwenda. Nimenyoa na la kulia, isionekane kama ajali.

Bernadette ameniangalia wakati wa chakula, akasema nimekuwa kijana. Sikupenda alivyolisema.

Ijumaa, 6 Septemba

Gunzi la pili nililowanisha kwanza. Halikuwaka. Moshi ukaja mzuri, mwingi. Nikaumeza wote hadi tumboni.

Sikwenda msikitini. Dunia ilizunguka taratibu, nami nimeshika mguu wa kitanda. Bernadette alileta beseni bila kuuliza kitu. Baadaye aliuliza. Nikasema malaria. Akanusa shati langu, akasema malaria hii aliwahi kuiona kwa shemeji Kitenge, ila Kitenge hakuitapika.

Mchana Édouard alikuja kunipa pole, na machungwa mkononi. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema neno, akapumzika, akasema jingine. Nami sikuwa na miguu ya kukimbilia. Alipotoka nilimwona dirishani amesimama mbele ya banda langu, anatazama bati. Anapima! Robine ikija kwangu, yeye atakuwa wa kwanza kusema bati linavuja.

Machungwa yalikuwa matamu. Hilo limenikera zaidi.

Jumapili, 8 Septemba

Nilikosea kutafuta kiko shambani. Wa zamani walivuta viko vya udongo. Nimeshuka hadi ukingo wa Lualaba, nimechota udongo laini, nimefinyanga kiko chenye kichwa cha mtu. Nilikusudia uso wangu. Umetokea wa Édouard, hata ndevu. Sijui ilikuwaje. Mikono ina mambo yake.

Nilikificha kwenye makaa, chini ya sufuria ya maharagi, kiive pamoja na chakula. Moto mmoja, kazi mbili.

Kilipasuka kwa kishindo kimoja kikubwa.

Nilikimbia jikoni kuokoa maharagi. Sufuria ilikuwa imelala ubavu. Lakini si sufuria niliyoitazama. Bernadette alikuwa chini, kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Hakupiga kelele. Kwa jirani nilisikia mlango ukifungwa, na komeo. Mtaa wote ulinyamaza, Jumapili mchana, na redio moja tu ilikuwa inaimba mbali.

Nikamwambia ni kiko tu. Ni udongo. Alibaki chini muda kidogo bado. Kisha akainuka, akakung'uta kitambaa chake, akaanza kuokota maharagi. Nilimsaidia kuokota.

Mji huu wa Kindu ulipozingirwa vitani mwaka 2002, mimi sikuwapo. Nilikuwa Obokote. Nilikwenda na chumvi na sabuni, niuze nirudi, njia zikafungwa nyuma yangu. Nilikaa huko hadi watu walipoanza kupita tena. Bernadette alibaki hapa na watoto, kwa yaya Kitenge na shemeji Adolphine. Niliporudi nilimkuta yaya ameketi mlangoni, kiko mdomoni, amekonda. Nikaona: haya, basi haikuwa mbaya sana, kama tumbaku ilipatikana.

Bernadette hajawahi kunisimulia mwaka ule. Mimi Obokote nimemsimulia mara nyingi.

Jumanne, 10 Septemba

Édouard amemwaga changarawe mbele ya geti lake. Anasema ni kwa ajili ya tope. Changarawe, siku chache kabla ya mkutano! Nimemwambia Papa Jules. Amesema kila mtu ana haki ya kumwaga changarawe.

Kwa kuwa kiko sina, nimeanza kufanya mazoezi ya kukaa na kitu mdomoni. Nimetumia kijiko cha mbao. Ukiwa na kijiko mdomoni huwezi kusema haraka. Kwa kweli huwezi kusema.

Akaja mteja, mama mmoja mtu mzima kutoka Alunguli, amevuka mto kwa pirogi na redio ndogo kwenye kikapu. Akauliza kama itapona. Sikujibu. Nilitoa kijiko, nikakitazama, nikakirudisha. Akangoja. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunieleza. Redio ilikuwa ya mtoto wake, aliyekwenda kuchimba madini upande wa Pangi na hajarudi. Hataki ipone ili asikilize nyimbo. Anataka ile taa yake nyekundu iwake tu, kama ilivyokuwa inawaka chumbani mwa mtoto. Alisema mengi. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akasema alikuwa hajamwambia mtu.

Taa nimeitengeneza palepale, ilikuwa waya. Sikumlipisha.

Nimekaa nikiwaza sana baada yake. Ni ajabu. Kijiko kina nguvu namna hii, je, kiko?

Alhamisi, 12 Septemba

Ninacho! Ninacho! Nakiandika tena: ninacho.

Nilirudi kwa shemeji Adolphine. Safari hii nilikwenda na kifungu cha kuni, na sikutaja mchwa. Aliniuliza nakitaka kiko kwa ajili ya nini. Nilikuwa na majibu mengi, likatoka moja ambalo sikulitayarisha. Nikasema nataka watu wanisikilize mara moja, hadi mwisho.

Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta sura ya mwingine ndani ya sura yangu. Akaingia chumbani. Akarudi na kitambaa cha zamani, ndani yake kiko.

"Nitakuazima mpaka siku ya Mungu, ya mkutano," alisema. "Lakini usikiwashe, shemeji. Ukamate tu mu mukono. Kukiwasha hapana."

Nikaahidi. Ningeahidi hata kupanda mlima kwa magoti. Sikuuliza sababu, nisije nikamfanya abadili mawazo.

Nimekichunguza nyumbani. Ni kiko kizuri, cheusi, kizito kidogo. Nimenusa ndani: hakina harufu yoyote ya tumbaku. Ila mwisho wa mrija umeliwa na meno. Kwa kweli umeliwa, kuna mashimo mawili, ya juu na ya chini, ncha ya kidole inaingia. Sikujua yaya alikuwa anauma kiko hivyo. Ndiyo maana alikuwa na heshima. Lazima nijifunze kuuma.

Kesho na keshokutwa ni mazoezi mbele ya kioo. Hotuba nimeiandaa. Ni fupi. Nitasema kivuli, benchi, bati. Baina ya neno na neno, kiko.

Jumapili, 15 Septemba

Nitajaribu kuandika yote kwa utaratibu.

Mvua ilinyesha asubuhi, kisha ikaacha. Uwanja wa Papa Jules ulijaa, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka nyuma, vijana wamesimama ukutani. Injenia wa mradi alikuwepo na buti zake. Papa Jules alisali kidogo, akampa neno Édouard.

Édouard alisema vizuri. Saruji. Akapumzika. Changarawe. Akapumzika. Usalama wa geti. Watu wakapiga makofi. Kisha Papa Jules akaniita mimi, na watu wakaanza kujinyoosha na kutafuta simu zao mifukoni, kama wanavyofanya siku zote.

Nikasimama. Sikusema. Nikatoa kitambaa, nikakifungua, nikatoa kiko.

Simu zikashuka. Naapa. Nikatoa tumbaku ya Yassine, nilikuwa nimeikata vizuri safari hii, nikaanza kujaza. Chini huru, juu nikashindilia. Hakuna aliyekohoa. Hata kuku wa Papa Jules walitulia. Miaka yote hii nilikuwa sijawahi kusikia watu wakiningoja. Ni kitu kitamu. Kinashuka mgongoni kama maji ya moto. Nikajua nikianza kusema tu, kitakwisha. Basi nikatafuta njia ya kukirefusha. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Shemeji Adolphine alikuwa nyuma, kwenye mikeka, nyuma ya migongo ya wanaume. Nikaona hataona.

Nikakiwasha kiberiti.

"Shemeji," sauti ilisema. "Zima."

Haikuwa sauti kubwa. Nikazima. Aliinuka na fimbo yake, akapita katikati ya viti, watu wakasogeza miguu. Akakichukua kiko mkononi mwangu, akakigonga kwenye kiganja, akaimwaga tumbaku chini. Nilidhani atarudi kukaa. Hakurudi. Alisimama hapo, na watu, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kunyamaza kwa ajili yangu, waliendelea kunyamaza kwa ajili yake.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana sitayasahau.

"Ile mwaka mji ilifungwa, tumbako haikukuwa mu Kindu. Hata chumvi haikukuwa. Bwana yangu alikuwa anaikala pa mulango na hii kiko mu kinywa, bila kitu ndani. Mimi na Bernadette njo tulikuwa tunashuka kuteka maji, asubuhi, wakati masasi ya bunduki inapumuzika kidogo. Watoto walikuwa wanamuangalia baba. Wakiona iko na kiko yake, wanasema, mama atarudia ku nyumba. Alikuwa anaiuma sana, juu watoto wasisikie meno yake inagongana."

Akakigeuza, akatuonyesha ule mwisho wa mrija. Papa Jules alivua kofia.

"Vita iliisha," alisema. "Mulima ya maji haikuisha. Niko naipanda mpaka leo, na fimbo."

Nikatazama mikeka ya wanawake. Bernadette alikuwa ameinamisha kichwa, na mwanamke wa kando yake alikuwa amemshika mkono. Nilijua mke wangu alikuwa kwa Kitenge mwaka ule. Sikujua alikuwa akishuka.

Papa Jules alimwuliza shemeji angependa robine ikae wapi. Akanyoosha fimbo kuelekea chini, pale mtaa unapokwisha. Alisema pale kuna nyumba za wajane watatu, na wale wanaotoka bonde la pili wataifikia pia. Injenia akasema pale maji yatafika bila taabu, kwa kuwa ni chini. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa Édouard. Aliuinua haraka, akasema kwa mama Adolphine, maneno yote kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika mahali. Sijawahi kumsikia hivyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikumbuka kwamba na yeye alikuwa hapa mwaka ule, na mama yake alikwenda kuteka maji, hakurudi.

Mikono yote ikainuka. Mimi niliinua miwili: mmoja kwa ajili ya shemeji, mwingine kuomba nimalize hotuba. Papa Jules aliuona ule mmoja tu.

Jumatatu, 16 Septemba

Kiko kimerudi kwake. Alikiweka mwenyewe kwenye kitambaa jana, hakuniangalia. Nilipita asubuhi kuomba radhi. Hakuwepo, alikuwa ameshuka chemchemi. Nikasimama juu ya mteremko nikamwona kule chini, mdogo, akijaza ndoo kwa kikombe. Nilitaka kushuka kumpokea. Viatu vyangu vilikuwa vya msikitini. Nikavivua, nikashuka. Tope lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Niliibeba ndoo hadi juu, na nusu ya maji ilinywewa na shati langu. Alinifuata nyuma na fimbo. Kufika mlangoni akasema, "Kitenge pia alikuwa anamwanga maji hivi."

Nadhani amenisamehe. Au alikuwa anazungumzia maji tu.

Jioni nilimwuliza Bernadette. Nilimwuliza kwa mara ya kwanza, moja kwa moja: mlishukaje? Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaanza. Alisema walikuwa wanavua viatu ili wasisikike. Walikuwa wanafunga ndoo kwa kitambaa ili kifuniko kisilie. Shemeji Adolphine alikuwa anatangulia, kwa sababu yeye Bernadette alikuwa na mtoto tumboni, yule aliyekuja kuitwa Espoir. Asubuhi moja walifika chini wakakuta mtu mwingine amefika kabla yao kwenye maji, amekaa, hawakujua kama amelala au...

Hapo nikakumbuka kitu cha namna hiyohiyo kilichonipata Obokote, njiani, karibu na daraja. Nikakisema. Kilikuwa kirefu, kina watu wengi na mbwa mmoja. Bernadette alinisikiliza hadi mwisho. Alisema pole. Kisha akauchukua mchele wake akaenda jikoni.

Sasa hivi ndipo nimetambua kwamba sikumwuliza yule mtu wa kwenye maji alikuwa nani. Nitamwuliza siku nyingine, akiwa na nafasi.

Jumatano, 2 Oktoba

Maji yamefika!

Robine imesimama pale chini, kwenye msingi wa saruji. Saruji ni ya Édouard, ameitoa bure, na changarawe pia. Sasa wa juu tunashuka na ndoo zetu, mimi na Édouard tukiwa mbali kuliko wote. Bernadette amesema kwa kuwa banda langu halina wateja, ni mimi nitakayeteka.

Shemeji Adolphine aliteka wa kwanza. Alifungua, akafunga, akafungua tena. Alijaza ndoo, akaibeba hatua chache hadi mlangoni, akasimama. Nadhani miguu yake ilikuwa bado inangoja mlima. Alibaki amesimama hapo na ndoo kichwani, hana mahali pa kupanda. Kisha akacheka peke yake, akaingia ndani. Watu waligeuza nyuso.

Alipotoka nilimwambia ukweli ulivyo: kama si mimi kuwanyamazisha watu siku ile, asingepata pa kuweka maneno yake. Nilisema kwa upole. Alinitazama, akasema, "Aksanti sana, shemeji," kwa heshima kabisa. Sielewi kwa nini Bernadette alilazimika kuugeukia ukuta.

Tumbaku nimeacha. Kiko ni kazi nyingi, kina moto, kina ahadi. Lakini sasa Papa Jules anatafuta mtu wa kushika ufunguo wa robine, mtu mzima, mwenye uzito, na tayari wameanza kumtaja Édouard. Asubuhi nimepita sokoni. Yassine ana ugoro pia, wa kunusa, na hauhitaji kiko wala kiberiti. Nimewaona wazee wa Kailo wakinusa: mtu anafungua kikopo, anachukua kidogo, anainua uso juu, na baraza lote linangoja. Yassine alitaka kunieleza ni kiasi gani. Nilikuwa na haraka ya kuwahi foleni.

Nimeujaribu palepale kwenye robine, mbele ya watu wote na Papa Jules mwenyewe. Nilichukua kiasi cha kushiba, pua zote mbili. Nilipiga chafya hadi ndoo yangu ikabingirika, na ya Édouard pia, na mtoto wa mtu akaanza kulia. Nilipofungua macho, foleni nzima ilikuwa imenyamaza, imenigeukia mimi.

Inafanya kazi!